Kidonda Nilichotoka Nacho Bahi

Kama una donda ndugu mguuni na umefika mahali unapolala peke yako kwa sababu ya harufu, nimekuandikia wewe. Wengine wanaweza kusoma, ila wasije wakaniambia baadaye kwamba nimewaharibia chakula. Sitaeleza ugonjwa huu unatokana na nini, maana hata wanaoutibu wanabishana. Nitaeleza ulivyonikaa, ulivyonitenga na rafiki yangu Madinda, na jinsi nilivyokuja kupata habari zake.

Mimi ni mtu wa Msalato. Nina mke, Sechelela, na watoto wawili, na jina langu la ubatizo ni Yonatani. Madinda hakubatizwa. Tulizaliwa msimu mmoja, tukachunga pamoja, tukaingia jandoni pamoja, na tulipooa tulijenga karibu hata jogoo wake ndiye aliyekuwa akiniamsha mimi. Madinda alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko cha kusikika ng'ambo ya korongo. Mimi, Sechelela atakwambia, hununa hata mvua ikinyesha vizuri.

Mwaka reli ilipopita Dodoma kuelekea magharibi, jumbe alitakiwa kutoa watu, akatutaja sisi wawili pamoja na wengine. Tulipelekwa Bahi. Huko mbuga hujaa maji, na tope lake ni jeusi, lina majani yaliyooza na samaki waliokufa, na ukikanyaga linatoa mapovu yanayonuka. Kazi yetu ilikuwa kubeba mawe na udongo, kuinua tuta ambalo juu yake reli ingelazwa. Jiwe moja liliniteleza likanikwaruza ugokoni, mguu wa kulia. Sikulijali. Kila mtu pale alikuwa na michubuko.

Mchubuko ule ukavimba ukawa lengelenge lenye maji meusi. Lengelenge likapasuka. Chini yake hapakuwa na ngozi, palikuwa na kitu cha kijivu kama utando wa uji uliolala. Kingo zikainuka, na kila asubuhi niliona kidonda kimekula mahali papya. Harufu ilikuja baadaye kidogo. Unaijua ngozi ya mbuzi iliyosahauliwa kwenye maji wakati wa joto? Hiyo, na ndani yake kitu kitamu kidogo, na ule utamu ndio uliokuwa mbaya kuliko vyote.

Walinitia kwenye banda la wagonjwa. Nitalisema jinsi lilivyokuwa, kwa sababu nimesikia watu wakisema reli imetuletea maendeleo. Tulilala chini, bega kwa bega, wenye vidonda na wenye kuhara. Ndoo ilikuwa moja. Tulinywea humo, tukaoshea humo, na niliwahi kuona kitambaa cha mtu kikielea ndani yake, nami nilikuwa na kiu nikakisogeza nikanywa. Mzungu msimamizi alifika akiwa ameziba pua kwa leso. Alinyoosha fimbo, akainua kwa ncha yake jani nililofunikia kidonda, akatazama, kisha akaipangusa ile fimbo kwenye nguo yangu. Hakunigusa wala hakunisemesha. Akaenda zake.

Madinda alikuja kila jioni baada ya kazi. Alileta ugali wa uwele na mlenda kwenye jani, akakaa upande wa kichwa changu na kupunga nzi. Yeye mwenyewe alichechemea, maana funza walikuwa wamejaa vidoleni mwake. Pale Bahi hakuna aliyekosa funza. Jioni ungewaona wanaume wazima wamekaa mstari wakichokoana kwa miiba. Madinda alichokoa wake huku anaongea, akawapasua kwa kucha, akafuta kwenye nyasi, kisha akaendelea kunilisha.

Siku moja aliinua lile jani akanyamaza. Nikajua kuna jambo, kwa sababu Madinda hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Kuna nini?" nikamwuliza.

"Una wageni."

Nikainuka nikatazama. Mabuu. Weupe, wanene, wamejipanga kwenye ukingo kama ng'ombe kwenye hori. Nilitapika palepale, nikamtapikia mtu aliyelala pembeni yangu, naye hakuwa na nguvu hata za kunitukana.

"Mbona unawatapikia watu?" Madinda akasema. "Hawa angalau wanafanya kazi. Wewe umelala tu."

Alicheka. Nilimchukia kwa kucheka, kisha nikajikuta nami natikisika, machozi yananitoka, sijui kama ni ya kicheko au ya kichefuchefu.

Hatimaye walituambia tuondoke, mimi kwa sababu ya mguu, yeye kwa sababu ya vidole. Mabehewa ya mawe yalikuwa yakirudi Dodoma matupu, lakini mtu aliyeyasimamia aliponisikia harufu alisema hapakii mzoga. Alisema hivyo kwa Kiswahili safi, ili nielewe. Basi tukatembea. Madinda alinikatia fimbo mbili, na tulikwenda kama mende aliyekanyagwa nusu. Siku ya pili nilikaa chini kwenye mbuga, hapana kivuli, nikamwambia sitainuka tena.

Madinda hakubishana. Alikaa pembeni yangu, upande upepo unakotoka. Niliona alivyochagua upande, nikaliweka jambo hilo moyoni.

Tulikuwa tumekaa hivyo punda alipotokea kichakani. Hakuwa na mtu. Mgongoni alikuwa na mifuko miwili ya ngozi. Alikuja moja kwa moja mpaka tulipo, akasimama, akaanza kunusa fimbo zangu. Muda si mrefu akaja mama mmoja mtu mzima anatweta, khanga kiunoni, fimbo mkononi.

"Mbukwenyi," alitusalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, mama," tukaitika.

"Punda huyu hajawahi kunitoroka. Asubuhi nimemfungua anywe maji, akaondoka kama aliyeitwa."

"Ameitwa, mama," Madinda akasema. "Mulungu amemleta. Huyu mwenzangu mguu umemshinda."

"Mulungu angetaka kunisaidia angezuia jiwe," nikasema.

Madinda akamgeukia yule mama. "Msamehe. Yeye ndiye amebatizwa, lakini mimi ndiye ninayemsema Mulungu vizuri."

Mama yule, jina lake Mama Nyemo, alikuwa akichota chumvi Bahi na kuipeleka kuuza upande wa misheni, kusini mashariki ya Dodoma. Alinisogelea auone mguu. Upepo ukageuka, ukampiga usoni. Akageuka upande, akainama, akatapika kwelikweli. Kisha akajifuta mdomo kwa ncha ya khanga, akarudi.

"Nimemaliza," alisema. "Sasa tuone huo mguu."

Ndugu yangu unayesoma, tangu kidonda kianze watu walikuwa wakiniambia hakinuki sana, na huku wanapumua kwa mdomo. Yule mama alitapika mbele yangu bila kuona haya, akarudi na kuniosha. Ukipata mtu wa namna hiyo mshike. Alichemsha maji na chumvi kidogo, akanimiminia, nami niling'ata mkanda wa ngozi wa punda wake hata ukaacha ladha ya jasho la mnyama kinywani kwa siku nzima. Kisha akabeba mfuko mmoja wa chumvi kichwani, Madinda akabeba wa pili, na mimi nikapandishwa punda.

Tulipita Dodoma bila kusimama, tukalala Ipagala kwa ndugu wa Mama Nyemo. Asubuhi yake alisema kule misheni kuna Bibi wa Kizungu anayetibu vidonda, na angenifikisha mpaka mlangoni.

"Nenda naye," Madinda akaniambia. "Mimi narudi Msalato. Sechelela lazima ajue ulipo, la sivyo atasikia kwa wambea kwamba umekufa. Nitakula kwa mama, nitaoga tope la Bahi litoke, kisha nakuja."

"Usije na watu," nikasema. "Njoo peke yako."

"Nani atakubali kufuatana nami kuja kunusa mguu wako?"

Akaondoka anachechemea na anaimba. Sikumwona tena.

Mama Nyemo alinifikisha mlangoni, akaenda kuuza chumvi yake. Pale misheni palikuwa na baraza ndefu ya kusubiria, na ubao wa kukalia uliokuwa umelainishwa na makalio ya wagonjwa. Kila siku wagonjwa tulifika kutoka vibanda tulivyolala, jua likichomoza, kila mmoja na kitambaa chake, tukangojea. Watu walinipa nafasi kubwa kuliko niliyohitaji. Mwisho wa ubao, penye jua, pakawa pangu. Mama mmoja mwenye mtoto wa macho mabovu alikaa pale kwa bahati mbaya, akainuka taratibu, akajifanya anakwenda kuangalia mbuzi. Hapakuwa na mbuzi.

Bibi alikuwa mwembamba, hasemi sana. Siku ya kwanza alikata nyama iliyokufa kwa mkasi, na nilisikia sauti ya mkasi, kama mtu anayekata ngozi ya viatu. Vilivyodondoka kwenye bakuli vilikuwa vyangu, nami sikuvitaka. Baada ya hapo ukaja wakati wa maji ya zambarau: kila siku mguu ndani ya bakuli, maji yanageuka kahawia, yanamwagwa, yanaletwa mengine. Huo ulikuwa wakati wa upepo wa kiangazi, vumbi likiingia mpaka kwenye bendeji. Mvua zilipokaribia akaacha maji ya zambarau, akaanza unga wa njano, ambao harufu yake ilishindana na ya kidonda, zikachanganyika, na mpaka leo nikiinusa dawa ile mate hunijaa mdomoni.

Mwili wangu ulibadilika nikawa mtu nisiyemjua. Paja la kulia lilikonda hata ningeweza kulizungushia viganja viwili vikakutana. Goti likakataa kukunjuka. Nywele zilitoka rangi ya kutu na kukatika. Niliposimama nilifanana na korongo wa mbugani, mguu mmoja chini, mwingine juu, shingo mbele.

Sechelela alifika akiwa na mtoto mdogo mgongoni na kibuyu cha maziwa. Alisalimia, akakaa, akatazama huku na huku.

"Madinda yuko wapi?" akauliza.

"Ningekuuliza wewe."

"Alikuja Msalato akatueleza yote. Akalala kwa mama yake siku moja, kesho yake alfajiri akaondoka kuja huku. Mimi nilibaki kumaliza kupura uwele. Nilidhani nitamkuta amekaa nawe."

"Hakuja."

Nikasema labda amepitia kwa watu. Yeye akasema labda. Tukamngojea siku ile, na wiki ile, na mwezi ule ukaisha. Baadaye watu wa Msalato waliokuja misheni wakasema amerudi kwenye reli. Wengine walikuwa wameitwa tena, tuta lilikuwa likienda mbele kuelekea Tabora, na wanaume wengi walikuwa wameondoka nalo bila kuaga. Mama yake mwenyewe aliamini hivyo, na alikasirika.

Mimi niliamini jambo baya zaidi. Niliamini amechoka na harufu. Nilikumbuka alivyochagua upande wa upepo kule mbugani. Nikasema: amefika nyumbani, ameoga, amekaa kati ya watu wasionuka, akashindwa kurudi. Na sikuweza kumlaumu, kwa kuwa mimi mwenyewe ningeukimbia mguu huo kama ungekuwa wa mtu mwingine. Hilo ndilo lililonichoma. Kila nilipofunguliwa bendeji na ule mvuke ukapanda, nilijiambia, hiki ndicho kilichomfukuza.

Sechelela alikaa nami wiki kadhaa. Alifua vitambaa, akavichemsha, akavianika. Lakini chakula alikula nje, amenigeuzia mgongo, na nilipomwuliza kwa ukali kwa nini, alijibu bila kupandisha sauti.

"Mume wangu, nitakuosha, nitakubeba, nitalala mlangoni. Lakini siwezi kumeza chakula karibu na mguu huo. Usinitake niseme uongo."

Sikusema naye siku mbili. Wewe usifanye hivyo. Alikuwa ananipa kilekile alichonipa Mama Nyemo, ukweli na mikono pamoja, nami nikaona kama amenitukana. Mvua ya kwanza ikanyesha, akalazimika kwenda kupanda. Tuliagana vibaya.

Kulikuwa na mwalimu wa dini aliyepita barazani kutufariji. Alikuwa mtu mzuri, safi, kanzu yake imepigwa pasi. Aliniambia kidonda changu ni zawadi ambayo Mungu amenipa ili nimkaribie, na kama rafiki yangu ameniacha ni ili nijifunze kumtegemea Mungu peke yake. Nilitamani kufungua bendeji nimwekee ile zawadi mapajani. Nilimjibu "Amina", akaenda kwa mgonjwa mwingine. Kama una mgonjwa wa namna yetu nyumbani, nakuomba usimletee maneno hayo. Mletee maji ya moto. Mfukuzie nzi.

Nafuu ilikuja bila kupiga hodi. Katikati ya masika, mbuga zikiwa kijani, Bibi alifungua kitambaa akainama, kisha akamwita msaidizi wake aone. Ukingoni palikuwa na mstari mwekundu mbichi, unang'aa kama ulimi wa mtoto mchanga.

"Hii ni nyama yako," Bibi alisema. "Inarudi."

Nilitazama mstari ule siku nzima kama mtu anayelinda shamba. Lakini harufu haikuondoka upesi, na sikuacha kukaa mwisho wa ubao.

Mvua zilipokuwa zikikatika, nilifika asubuhi moja nikakuta mahali pangu pamekaliwa. Alikuwa mzee wa mjini, kofia nyeupe, kanzu, mkono wa kushoto umefungwa vitambaa vilivyolowa mafuta na usaha. Alinuka. Nilisimama mbele yake sijui la kufanya, maana sikuwahi kugombea mahali pale na mtu.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Kaa, mwanangu, kama utanivumilia. Nimekaa huku pembeni ili nisiwaudhi wenzetu."

"Mimi pia."

Alicheka kidogo, akasogea. Alijiita Bwana Feruzi, mfanyabiashara wa Dodoma, wazee wake walifika na misafara ya pwani. Alikuwa amemwagikiwa na mafuta ya kukaangia. Daktari wa boma alikuwa safarini, mkono ukaoza akimngojea, na mteja wake mmoja ndiye aliyemwambia habari za Bibi. Hakuwahi kufika misheni maishani mwake.

"Na wewe mguu huo uliupatia wapi?" akauliza.

"Bahi. Kwenye reli."

"Bahi." Akatikisa kichwa. "Bahi imenifanya nizike mtu nisiyemjua. Mwaka jana, kiangazi. Kijana wa Kigogo, makamo yako. Alianguka kibarazani kwangu. Hata jina hakuweza kulitamka sawasawa, taya zilikuwa zimebana. Alisema Bahi, akasema Madi, Madi. Tukajua anaitwa Hamadi, Mwislamu mwenzetu. Tukamsalia na kumzika."

Nilimwuliza alikuwa na alama gani. Akataja kovu la pembe ya ng'ombe kwenye bega. Nilikuwapo ng'ombe yule alipompiga.

"Anaitwa Madinda," nikasema. "Hakuwa Mwislamu. Ni rafiki yangu."

Bwana Feruzi akaweka mkono wake mzima juu ya goti langu, goti la mguu mbovu, akauacha hapo. "Nisamehe," alisema. "Nilikosea?"

"Hukukosea, mzee. Angecheka sana."

Kisha nikamwomba anieleze yote, asinifiche. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Akaeleza. Ilikuwa pepopunda. Mguuni hapakuwa na kidonda cha kuogopesha, palikuwa na tundu jeusi tu kwenye kidole gumba, alipochokoa funza, dogo kama punje ya uwele. Lakini mwili ulikuwa ukipinda nyuma kama upinde, kichwa na visigino tu vikigusa mkeka, na uso umekazwa, meno yote nje, kama mtu anayecheka asiyeweza kuacha. Mbwa akibweka nje alipinda. Mlango ukilia alipinda. Jasho lilimtoka mpaka mkeka ukanuka, na haja zilimtoka bila yeye kutaka, na Bwana Feruzi na mkewe walimwosha.

"Akili zilikuwa zake mpaka mwisho," mzee alisema. "Alinitazama. Alikuwa akisema neno moja kupitia meno: ananingoja. Ananingoja. Na macho yanaelekea huku, kusini. Mimi nilidhani anamwona malaika, nikamwambia usiogope. Akakasirika, nikaona machoni. Akasema tena. Ananingoja."

Niliinuka nikaenda nyuma ya jengo na fimbo zangu. Nilitapika mpaka nyongo. Harufu ya mguu wangu ilikuwa palepale, ileile niliyoisingizia miezi yote kwamba ndiyo iliyomfukuza. Alikuwa anaifuata. Niliporudi nilimwomba Bwana Feruzi anieleze tena toka mwanzo, naye, Mungu amlipe, alieleza tena.

Nimefikiri sana juu ya asubuhi ile. Mafuta yalimwagika Dodoma, daktari akawa safarini, na mzee ambaye hakuwahi kukanyaga misheni akaja akakaa kwenye ubao uleule, pembeni kabisa, kwa sababu tu mkono wake ulinuka kama mguu wangu. Tungekuwa safi, tungekaa mbalimbali tukaondoka. Naona mkono wa Mungu hapo, kama Madinda alivyouona kwa punda wa chumvi, na siwezi tena kujifanya sioni. Lakini siwezi pia kunyamazia lililobaki. Aliyeweza kupanga yote hayo ili niletewe habari alimwacha rafiki yangu apinde mkekani kwa kitundu cha funza. Mguu uliooza akauponya, kidole kizima akakiacha. Nimemwambia Mungu kwamba jambo hili linanichukiza. Namwambia mpaka sasa, katika sala zangu, naye hajanikataza. Na wewe, ukichokoa funza, lioshe tundu kwa maji ya moto, hata kama watakucheka.

Niliruhusiwa kuondoka wakati wa mavuno. Mguu una kovu linalong'aa, gumu, halioti unywele, na hukunjuka nusu. Nilipitia Dodoma, Bwana Feruzi akanipeleka kaburini. Alikuwa amelipanga mawe na miiba kwa sababu ya fisi. Nilikaa hapo mpaka jua likawa kali, kisha nikaenda zangu Msalato. Sechelela alinipokea njiani. Alinusa, bila kuficha, akasema, "Umepona," tukaingia ndani.

Jioni ileile nilikwenda kwa mama yake Madinda. Sikutaka alisikie kwa mtu mwingine. Alikuwa anachambua mlenda mlangoni. Nilimwambia mwanawe hakurudi kwenye reli, alikuwa njiani kuja kwangu, ugonjwa ukamkamata mjini akafa. Nilificha kule kupinda, nikasema taya zilibana. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono haikuacha kazi.

"Alilala nje?" akauliza.

"Hapana, mama. Ndani, mkekani, kwa watu wema."

"Alikula?"

Hilo Bwana Feruzi alikuwa ameniambia mara ya pili aliposimulia. Aliniambia zamani alikuwa akitucheka Wagogo kwa desturi yetu ya kung'oa meno mawili ya mbele ya chini, lakini yale meno mengine yalipokuwa yamefungwa kama kisanduku, pale pengoni palibaki wazi, na mkewe alimnywesha hapo, tone kwa tone.

"Alikula, mama. Maziwa. Siku zote mpaka ya mwisho. Walimpitishia hapa."

Nikafungua mdomo nikamwonyesha pengo langu. Mama akaweka mlenda chini, akasogea. Akaingiza kidole chake kwenye lile pengo, kidole chenye utelezi wa majani na moshi wa jikoni, akakiacha humo, nami nikabaki nimefungua mdomo, sisogei.

"Basi alikula," alisema.